Storm Ana Jalada Gumu, Juha Kalulu Alifungiwa Nyama

Kila nikiweka picha ya rafu yangu hapa, lazima mtu mmoja aniulize: "Buda, hiyo doh yote ya vitabu vya katuni si ungekuwa ushanunua ng'ombe?" Swali poa. Shida ni kwamba ng'ombe haingii kwa bedsita ya Kahawa West. Lakini leo wacha nijibu vizuri, kwa sababu kuna kitu kimenikaa rohoni tangu mwaka uanze, na kinahusu hivi vitabu vikubwa nilivyonavyo na vile ambavyo sijawahi kuviona dukani.

Kwa wale bado hawajaingia kwa hii maneno: komiki za Marekani hutoka kama vijitabu vyembamba, kurasa ishirini na kitu, kila mwezi. Zikifika tano au sita zinakusanywa kwa kitabu cha jalada laini. Halafu kuna babu yao wote, omnibasi. Jalada gumu, karatasi nzito ya kung'aa, ukubwa wa kama sentimita 18 kwa 28, kurasa 800, saa zingine zaidi ya 1,000. Miaka mitatu minne ya hadithi moja ndani ya kitu kizito kuliko paketi ya unga ya kilo mbili. Na ndio, jina ni lile unalofikiria. "Omnibus" ni Kilatini, maana yake "kwa wote". Wazungu wakaliita gari la abiria hivyo, wakakata kichwa ikabaki "bus", sisi tukasema basi. Kwa hivyo omnibasi na matatu ni watu wa ukoo mmoja, na zote mbili hujazwa mpaka mlango unakataa kufunga.

Marvel walianza laini yao mwaka wa 2005 na Fantastic Four. DC tayari walikuwa na zao zinazoitwa Absolute, pana na ndefu zaidi, zinazokaa ndani ya kasha. Upande wa manga, Dark Horse wakaanza 2019 kutoa Berserk ya Kentaro Miura kwa jalada jeusi la kufanana na ngozi, kila kitabu kikimeza juzuu tatu za kawaida. Hiyo Berserk ndiyo imeambukiza wengi wa rika langu.

Kitu kinanifurahisha ni kwamba hizi hadithi hazikutengenezwa ziishi. Action Comics namba 1, ile ya Superman, iliuzwa senti 10 mwaka wa 1938. Ilichapwa kwa karatasi duni kama ya gazeti, ambayo imesagwa kutoka kwa mti pamoja na ligini yake yote, na ligini ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano, halafu kahawia, halafu unashika ukurasa unabaki na unga mkononi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto wa Marekani waliambiwa wakusanye karatasi kuukuu zirudishwe viwandani, na komiki nyingi zikaenda na huo mzigo. Zilizobaki, kina mama walitupa wakipanga nyumba. Yaani ilikuwa takataka, rasmi. Leo takataka hiyo hiyo inashonwa kwa uzi na inauzwa bei ya kodi yangu ya miezi miwili.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa The Uncanny X-Men Omnibus, juzuu ya kwanza. Kinafungua na Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka wa 1975, ya Len Wein na Dave Cockrum, halafu Chris Claremont anashika usukani. Na hapo ndipo Storm anaingia: Ororo Munroe, mama Mkenya, baba Mmarekani mpiga picha. Tunampata wapi? Hapa kwetu. Wanakijiji wanamwomba mvua, anawapa, halafu Profesa X anatokea kumchukua aende Amerika. Sasa, hiyo Kenya waliyochora haina gari wala duka. Ni nyika, mawe, na watu wanaomwabudu dada mwenye nywele nyeupe. Mwaka wa 1975 Nairobi ilikuwa tayari na KICC imesimama hapo katikati ya tao, lakini ni wazi hakuna mtu aliyewaambia.

Nilicheka, nikaskia hasira kidogo, halafu nikasoma zaidi ya kurasa 800 bila kupumzika vizuri. Kwa sababu Claremont alikaa na hao watu miaka 16. Storm anaanza kama mungu wa kuchorwa, polepole anakuwa mtu: anaogopa sehemu zilizobana, anachoka, anakosana na marafiki, na baadaye kabisa anakuwa kiongozi wa timu. Ukisoma toleo moja leo na lingine baada ya miezi minne kutoka kwa inama ya Tom Mboya, huo ukuaji hauuoni. Ukiwa na zote mahali pamoja, unaona jinsi mwandishi alivyokuwa akijifunza, mahali alipokosa na kurudi kurekebisha, mahali mchorajia alibadilika na sura ya mtu ikabadilika naye. Hiyo ndiyo maana ya omnibasi kwangu. Uzuri wa rafu ni bonasi tu.

Sasa doh. Bei ya jaladani ni kati ya dola 100 na 150. Chukua ya dola 125, zidisha kwa 129: shilingi 16,000 na kitu, kabla haijapanda ndege. Mizigo hulipiwa kwa uzani, na hapo ndipo zile kilo zinaanza kukuuma. Halafu kuna VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vilianza kutozwa hapa kupitia sheria ya 2013. Peke yangu siwezi, kwa hivyo tuna chama. Tuko wanne. Kila mtu anaweka 1,500 kwa mwezi, baada ya miezi mitatu tuna 18,000, na mwenye zamu anachagua kitabu. Kila mtu kimoja kwa mwaka. Sheria ni mbili tu: pesa ni ya omnibasi pekee, na mwenye kitabu akimaliza kukisoma kinazunguka kwa wale wengine watatu. Mathe wangu aliposikia alisema ni chama cha kwanza ameskia duniani ambacho hakina sufuria ndani yake.

Hiyo sheria ya pili ilitungwa makusudi. Hizi omnibasi huchapwa kwa idadi fulani, zikiisha zimeisha, na kampuni inaweza kukaa miaka kabla ya kuchapisha tena. Hapo bei za mkononi zinapanda mara mbili, mara tatu. Kwa hivyo kuna watu wananunua na kuacha na plastiki yake, hawafungui, wanangojea zipande. Siwezi kuwakataza, doh ni yao. Lakini kitabu kilichofungwa plastiki hakijahifadhiwa, kimefungiwa. Huwezi hata kujua kama kurasa zimeshonwa kinyume mpaka siku utakapokifungua, na hapo muda wa kukirudisha utakuwa umepita kitambo.

Tuje kwa kuhifadhi, kwa sababu hapa ndipo napata maswali mengi kwa inbox.

Kwanza, ufunguzi. Usikate plastiki halafu ufungue katikati kwa nguvu, utasikia mgongo ukilia. Simamisha kitabu kwa mgongo wake juu ya meza. Lalisha jalada la mbele, kisha la nyuma. Halafu kurasa chache za mbele, ukizipapasa karibu na mshono, kisha chache za nyuma, ukibadilishana hivyo mpaka ukutane katikati. Dakika kumi hivi. Ukiangalia kwa juu utaona kama kimeshonwa: mafungu madogo ya kurasa yaliyokunjwa, kama chapati zilizopangwa. Hizo zinalala wazi na zinakaa. Ukiona karatasi moja moja zimeshikwa na gundi peke yake, jua picha iliyochorwa kuvuka kurasa mbili itamezwa katikati, na siku moja kurasa zitaanza kung'oka.

Pili, rafu. Jalada gumu hutokeza kidogo kuliko kurasa, si ndio? Maana yake ukikisimamisha, ule mzigo wote wa kurasa hauguzi rafu, unaning'inia. Kwa kitabu cha kawaida hakuna neno. Kwa cha kilo tatu, mwaka ukiisha kurasa zinaanza kuvuta mgongo kwenda chini. Kwa hivyo zile nene kupita kiasi mimi nalaza, mbili juu ya nyingine, si zaidi. Zile zinazosimama ziwe zimeshikana bila kubanana, na zisiegemee upande. Na tafadhali, ukitoa kitabu usivute kwa kichwa cha mgongo. Sukuma majirani wake nyuma kidogo, ushike katikati.

Zile rafu za vumbi la mbao lililobanwa hupinda kama tabasamu. Nilienda kwa fundi nikamwomba ya saiprasi, mbao nene, miguu mifupi ya kuinua rafu ya chini futi moja kutoka sakafuni.

"Unaweka nini hapa, mawe?"

"Vitabu, fundi."

"Vya sheria?"

"Vya katuni."

Aliniangalia, akaongeza mia tano kwa bei. Sijui kwa nini, lakini rafu haijapinda.

Hiyo futi moja si urembo. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia mitaa mingi ya Nairobi, rafiki yangu wa chama alikuwa na omnibasi mbili chini ya kitanda. Karatasi ya kung'aa ina ubaya wake: imepakwa kitu kama udongo mweupe laini ili rangi ikae juu, na ikilowa halafu ikauke ikiwa imefungwa, kurasa zinagandana na hakuna mtu atazitenganisha tena. Ile moja aliianika juani ikiwa imefungwa. Ni tofali sasa, anaizuilia mlango. Ile nyingine tuliifunga kwa plastiki tukaiweka kwa friza ya mama wa duka pale chini, kati ya samaki na aiskrimu, kwa sababu wahifadhi wa vitabu hugandisha vilivyolowa kabla siku mbili hazijaisha, ili ukungu usishike. Baadaye tukaikausha polepole, karatasi nyeupe kati ya kurasa, feni ikiwaka. Imepinda kama bahari. Lakini inasomeka.

Mengine ni ya kawaida ya maisha ya bedsita. Acha nafasi ya ngumi kati ya rafu na ukuta, kwa sababu Julai ukuta usiopata jua unatoa jasho na ukungu unahamia kwa kitabu. Jua nalo lisipige migongo ya vitabu, nyekundu hufifia kwanza. Vile vifuko vidogo unavyopata kwa boksi la viatu, usitupe, vinanyonya unyevu. Makombo ya mandazi yanaita mende, na mende anapenda gundi ya kitabu kama vile anavyopenda mandazi. Ukiishi Mombasa fanya haya yote mara mbili, hewa ya Pwani haina huruma na karatasi. Na ile jaketi ya karatasi inayofunika jalada, itoe ukisoma, uirudishe ukimaliza. Basi.

Sasa kile kitu kimenikaa rohoni.

Desemba nilikuwa Kisumu kwa ankal yangu. Kwa sanduku la bati, chini ya risiti za stima na kalenda za zamani, kulikuwa na Pichadithi. Kama hujui Pichadithi, zilikuwa komiki za hapa, miaka ya themanini, jina ni picha na hadithi zikiwa zimeoana. Nyuma yake alikuwa Terry Hirst, yule yule aliyeanzisha gazeti la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka wa 1973. Joe lilidumu mpaka 1979, likicheka na maisha ya mtu wa kawaida wa mjini wakati kucheka hadharani hakukuwa jambo rahisi. Pichadithi ya ankal ilikuwa ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Waluo wa mwili wa jiwe. Jalada lilikuwa limeshikwa na kutu ya pini mbili za stepla. Nilipofungua ukurasa wa kati ukaniachia mkononi, taratibu, kama jani.

Ankal akaniambia, "Hiyo chukua tu. Zingine nyanya yako aliwashia jiko."

Nilikaa nayo kwa basi la usiku mpaka Nairobi nikifikiria. Niko na hadithi ya mwanamke wa Kenya iliyotungwa na watu wa New York, imeshonwa kwa uzi, karatasi haigeuki njano, itanizika. Na niko na Lwanda Magere, aliyechorwa hapa, anayevunjikia mkononi. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo na miongo. Mathe anamkumbuka. Anakumbuka pia alimpata wapi: gazeti lilisomwa asubuhi, jioni likarudi nyumbani likiwa limefungiwa nusu kilo ya nyama, na yeye akisoma Juha Kalulu akizunguka doa la damu. Nimepita maduka ya vitabu ya huu mji, makubwa na ya kuinama, na sijawahi kuona kitabu kimoja kilichomkusanya huyo mtu. Tanzania hali ni ile ile, Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani wanaishi zaidi kwa vichwa vya watu kuliko kwa rafu.

Na msifikirie ni mambo ya wazee. Shujaaz ilianza Februari 2010, wengi wenu mliisoma. Ilikuja bure ndani ya gazeti na kwa maajenti wa M-Pesa: Boyie na redio yake ya siri, kila mwezi, kwa Sheng. Ilishinda hadi Emmy ya kimataifa. Ziko wapi? Nyingi zilienda njia ya Juha Kalulu. Na pale ndani hakukuwa na hadithi tu. Kulikuwa na Sheng ya 2010 imeandikwa, mwezi kwa mwezi, na Sheng haina subira. Jaribu kusoma toleo moja leo uone maneno mangapi mdogo wako wa miaka kumi na tatu atakuuliza maana yake.

Kwa hivyo nimeanza kujalidi. Natafuta kwa inama, kwa watu wa magazeti ya kupima kwa kilo, kwa majirani. Nilipofikisha Shujaaz kumi na mbili nilizipeleka kwa mzee mmoja anayejalidi tasnifu za wanafunzi pale tao. Akazipekua, akashangaa.

"Kijana, hii ni ya digrii gani?"

"Ya Boyie, mzee wangu."

"Na supavaiza amekubali?"

Tulielewana shilingi 800. Alitoa pini zote za stepla kabla hazijala karatasi, akashona kwa uzi wa pamba, jalada la buluu, herufi za dhahabu mgongoni. Nilimwomba kitu kimoja mara tatu: asikate kingo. Mashine yao hupenda kunyoosha kila upande, na mchoraji mara nyingi amejaza mpaka pembeni, kwa hivyo ukinyoosha umekata mkono wa mtu. Jalada gumu haliponyi karatasi ya gazeti, ligini bado iko ndani ikifanya kazi yake. Kwa hivyo kabla ya kushona nilizipiga skani zote, nukta 600 kwa inchi, nikaweka nakala mahali pawili.

Na hapana, sitawatumia. Najua mtaomba. Sheria ya hakimiliki hapa inalinda kazi ya mtu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na mimi si mwenye kazi. Wenye kazi, au watoto wao, au wachapishaji, ndio wanaweza kutoa omnibasi ya kweli ya Pichadithi au Juha Kalulu, karatasi nzuri, utangulizi, tarehe za kila ukurasa. McMillan, ile maktaba ya 1931, ina magazeti ya zamani ya kuanzia kazi. Msomaji yuko, chama chetu peke yake kingenunua nne siku ya kwanza. Mpaka mtu aamue, tunachoweza ni kuzuia zisiishe.

Zamu yangu ya chama ni Agosti. Nilitaka juzuu ya pili ya X-Men, nimeingojea mwaka mzima. Sasa nimeomba ile 18,000 niitumie kutafuta na kujalidi za hapa. Mmoja akasema sheria ni sheria, pesa ni ya omnibasi pekee. Nikamwambia, kwani vitabu kumi na mbili vilivyoshonwa pamoja ni nini? Akasema omnibasi ina jaketi. Tukapiga kura, wawili kwa wawili. Yule wa mafuriko alinipigia mimi.

Tunapiga tena Jumamosi. Kwa sasa niko na Shujaaz tisa za juzuu ya pili, Pichadithi mbili, na Joe moja isiyo na jalada. Mzee amesema hashoni chini ya kumi na mbili. Ukienda ushago wikendi hii, angalia ndani ya masanduku ya bati na chini ya magodoro kabla nyanya hajawasha jiko. Zilizochanika pia nachukua, na nauli ya kuzituma nalipa mimi.